Bahari Ni Bure, Soda Ndiyo Ghali: Hesabu za Starehe ya Familia Mtwara

Mkazi wa Mtwara mjini akisema starehe ya watoto imemshinda kwa ughali, mara nyingi hazungumzii kiingilio, kwa sababu mahali pengi tunapokwenda kupumzika hapa hapana geti wala tiketi. Ufukwe wa Shangani ni wa kila mtu, vichochoro vya Mikindani havina mlinzi, na ngoma za watoto wanaotoka jandoni hupita barabarani zenyewe zikamkuta mtu barazani kwake. Pesa humalizwa na nauli, na vinywaji, na njaa ya saa saba mchana, na vile vitu vidogo vinavyonunuliwa kwa haraka kwa kuwa hakuna aliyevifikiria kabla mlango haujafungwa. Ninaandika matumizi ya nyumba yangu katika daftari la mistari la wanafunzi, na kila nikilipitia mwisho wa mwezi naona jambo lilelile: mahali tulipokwenda hapakutugharimu kitu, bali maandalizi ambayo hayakufanyika ndiyo yaliyotugharimu.

Chukua Jumapili ya kawaida ya watu watano, yaani baba, mama na watoto watatu. Tuseme bajaji ya kukodi ni shilingi 3,000 kwenda na 3,000 kurudi, soda tano ni 5,000, chupa mbili kubwa za maji ni 2,000, na sahani tatu za chipsi kavu ni 6,000, bila mayai wala mishikaki. Hizo ni shilingi 19,000, na hakuna hata senti moja iliyolipwa kwa ajili ya bahari yenyewe. Ukifanya hivyo kila wiki unafika 76,000 kwa mwezi, kiasi ambacho kwa mwalimu wa shule ya msingi kama mimi kinazidi umeme na maji vikichanganywa. Wapo wanaoiona hesabu hiyo wakaamua kuacha kutoka kabisa, uamuzi ambao siuungi mkono hata kidogo, kwa maana watoto wakifungiwa ndani siku nzima huhamishia gharama kwenye bando la simu ya mama yao, na bando likiisha saa nane mchana hakuna aliyecheka wala aliyepunga upepo.

Kwa hiyo sisi tunaendelea kutoka, ila chakula kinatoka nyumbani. Jumamosi jioni nachemsha ukwaju, nachuja, natia sukari, kisha nautia katika chupa za plastiki za lita moja na nusu na kuzilaza kwenye friza. Chupa isijazwe mpaka mdomoni, kwa sababu barafu hutanuka na chupa iliyojaa hupasuka usiku, na usafi wa friza huangukia kwa aliyeamka wa kwanza. Chupa hizo mbili zikiwekwa katikati ya kikapu na kufunikwa kwa kanga iliyokunjwa, hupoza matunda na maji yaliyo pembeni, na kufikia saa sita zinakuwa zimeyeyuka nusu, zikiwa na ubaridi ambao soda ya kwenye banda la ufukweni mara nyingi haina. Ukwaju, sukari na maji havifiki nusu ya bei ya zile soda tano.

Chakula chenyewe hufuata msimu. Wakati wa kiangazi, ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, inapoanza kuuzwa kwa mafungu kando ya barabara, hatuhitaji kingine zaidi ya chumvi, pilipili na ndimu. Wageni kutoka mikoa ya juu huitazama kwa mashaka, lakini ming'oko iliyochemshwa vizuri hukaa tumboni kuliko chipsi, na mtoto huchukua muda kuimenya na kuitafuna, jambo ambalo ni faida kwa mzazi anayetaka kukaa kimya dakika kumi. Msimu ukipita tunarudi kwenye mihogo ya kuchemsha na vibua vya kukaanga. Samaki ni bora kununua kwa fungu jioni kuliko mmoja mmoja asubuhi, hasa wavuvi wanapokuwa wamepata na hawana barafu ya kutosha. Hapo ndipo muuzaji anapokuita kwa heshima zote, "Mwalimu, shikamoo, chukua haya mafungu mawili nikupunguzie," na ndipo inafaa uwe umekuja na ndoo yako, kwa sababu anayekuja na ndoo haongezewi bei ya mfuko na humaliza mazungumzo haraka. Vibua vikisafishwa usiku uleule na kupakwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu, asubuhi kazi inayobaki ni kukaanga tu.

Jambo ambalo watu wa hapa tunalijua lakini hatulitumii kuokoa pesa ni kalenda ya maji. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari yetu hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa tena karibu na saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, takribani wiki moja baadaye, mambo hugeuka, asubuhi maji yakawa yamejaa na alasiri yakawa yamepwa, wala hayaendi mbali. Familia inayokwenda Shangani bila kuangalia mwezi hufika saa nne ya bamvua ikakuta miamba na tope, watoto wakakosa pa kuogelea, na wakikosa pa kuogelea huanza kudai kitu cha kununua. Familia inayojua hupanga namna mbili. Bamvua ni siku ya kutembea kwenye miamba asubuhi, kutazama kaa, viti vya pweza wenye umbo la nyota na samaki wadogo waliobaki kwenye vidimbwi, huku watoto wamevaa kandambili imara kwa sababu ya miiba ya urumba. Wakitaka kuogelea, safari huanza saa tisa mchana baada ya kula nyumbani, na hapo hata kikapu cha chakula hakihitajiki, ni karanga na maji tu. Safari ya alasiri peke yake imefuta mlo mmoja kwenye daftari langu.

Kwa watoto wangu, hata hivyo, ufukwe haushindi kivuko. Pantoni ya MV Mafanikio inayovusha watu kwenda Msangamkuu ni usafiri wa kila siku kwa wakazi wa ng'ambo, wenye ndoo zao, baiskeli zao na mbuzi wao, lakini kwa mtoto wa mjini hiyo ni meli kamili, yenye honi na mabaharia. Nauli yake haifiki ile ya bajaji, na upande wa pili kuna mchanga na minazi. Sharti langu ni moja, kwamba mtoto hasogei kwenye ukingo, na mdogo kabisa anashikwa mkono muda wote.

Mikindani nayo iko karibu kilomita 10 kutoka mjini, na daladala zipo, kwa hiyo kukodi bajaji kwenda huko ni kutupa pesa, isipokuwa kama kuna mgonjwa au mzee. Mji ule ni darasa la historia lisilo na ada. Kuna boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, ambalo sasa ni hoteli, kuna milango ya kuchongwa na roshani za zamani, na ni kutoka pwani hiyo ambapo David Livingstone alianza safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Mwanangu wa darasa la tano alisoma habari za Livingstone katika kitabu na kuziona za mbali sana, mpaka alipoelezwa kwamba mtu huyo alipita mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa amesimama akila embe. Kunywa soda hotelini ni hiari ya mwenye uwezo. Kutazama jengo kwa nje na kupanda kilima kilicho nyuma yake hakuna anayekutoza.

Utaratibu wa pesa ya mkononi umetupunguzia kero kuliko kitu kingine chochote. Kabla ya kutoka, kila mtoto hupewa shilingi 1,000 yake, na baada ya hapo mama hana pochi mpaka turudi. Akitaka lambalamba anunue, akitaka ubuyu anunue, akitaka kuirudisha nyumbani ni yake. Nilitarajia zitumike zote dakika ya kwanza, na kweli wa katikati hufanya hivyo kila mara, lakini mkubwa alianza kuzikusanya kwa ajili ya mpira, na siku alipoambiwa na mdogo wake amkopeshe alimjibu kwa sauti ya mtu mzima kabisa, "Wewe si ulipewa yako?" Neno lilelile ningelisema mimi lingezaa kilio.

Kuhusu mpira wa kwenye runinga sina maneno mengi. Kulipia kifurushi kikubwa cha king'amuzi mwaka mzima kwa ajili ya mechi chache ni anasa, na kumpeleka mtoto kibanda umiza kwa kisingizio cha bei nafuu sikubaliani nako, kwa sababu ya moshi, lugha na kujazana. Sisi hulipia mwezi wenye mechi tunazozitaka, tukaita majirani waje na karanga zao, na miezi mingine tunatosheka na chaneli za bure. Timu zikija Nangwanda Sijaona, baba watoto huenda na mkubwa uwanjani, jukwaa la bei ya chini, wakiwa wamekula.

Sasa nije kwenye mabibo, yale matunda laini ya mkorosho yanayobeba korosho, kwa sababu hapa ndipo watu wa mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, tunapoacha mali chini ya miti. Kuanzia Septemba au Oktoba hivi mpaka mwisho wa mwaka korosho inakusanywa, na kwa kuwa kinachopelekwa ghalani na mnadani ni korosho peke yake, bibo hukatwa na kuachwa lioze au liingie kwenye pombe. Wakati huohuo nyumba zetu hununua juisi za boksi na unga wa kukoroga wenye rangi. Watafiti wa kilimo wa Naliendele, ambao wako hapa hapa wilayani kwetu, wamekuwa wakifundisha vikundi vya akina mama kutengeneza juisi na jamu ya mabibo, kwa hiyo si jambo la kubuni. Kinachowakimbiza watu ni ukakasi, ule unaokausha ulimi, na dawa yake iko jikoni.

Mabibo yachumwe au yaokotwe siku hiyohiyo asubuhi, yaliyoiva, yasiyopasuka. Yaoshwe vizuri, yakatwe, yakamuliwe kwa mikono juu ya chujio la kitambaa safi, na anayekamua avae nguo ya kazi, kwa maana doa la bibo halitoki. Kisha chemsha mchele kidogo mpaka uwe uji mwepesi, uchuje, uuache upoe, na utie uji huo katika juisi, kama nusu kikombe kwa kila lita moja, ukikoroga taratibu. Wanga wa mchele hushikana na kile kinacholeta ukakasi, na baada ya muda utaona utando mzito ukizama chini ya sufuria na juisi ikibaki juu, nyepesi, ya rangi ya manjano iliyopauka. Imimine bila kuitikisa, iache ile ya chini, tia sukari na ndimu, ichemshe kidogo, ipoze. Yangu hugandishwa katika vifuko vidogo, na hayo ndiyo malambalamba ya likizo yote ya Desemba. Juisi isiyochemshwa isiachwe mpaka jioni kwenye joto letu, kwa sababu huanza kuchacha, na ikishachacha inakuwa habari ya uraka na wanywaji wake, si ya watoto. Tahadhari nyingine ni kwamba korosho mbichi yenye ganda isiwe karibu na mikono ya watoto, wala wasijaribu kuichoma wenyewe, kwani mafuta ya ganda lile hubabua ngozi na moshi wake huumiza macho. Anayetaka korosho za kutafuna nyumbani anunue vipande kutoka kwa wabanguaji. Bei yake iko chini ya zile nzima, na kwenye wali wa nazi au mchuzi hakuna atakayejua tofauti.

Ndani ya nyumba, gharama za ziada hujificha katika vipimo. Mafuta ya kupimiwa dukani kwa Mangi, sukari ya robo, sabuni ya unga ya kifuko, dawa ya mbu ya fimbo moja moja, vyote huonekana vya bei nafuu kwa sababu sarafu zinazotoka ni chache. Chukua wiki moja uandike mafuta yote uliyopimiwa, ujumlishe, kisha uulize bei ya dumu la lita tano, na tofauti utaiona mwenyewe bila kuhubiriwa. Najua si kila mtu ana pesa ya dumu kwa mara moja, na simlaumu anayepimiwa. Ila wanawake wawili au watatu wa nyumba moja ya kupanga wanaweza kulinunua pamoja wakagawana kwa chupa, na kwa mtaa wetu wa Chikongola jambo hilo limekuwa la kawaida kwa mchele na mbaazi pia. Mbaazi kavu zilowekwe usiku kucha kabla ya kupikwa, na chungu kianze kwenye makumbi na vifuu vya nazi ambavyo vingetupwa, ili mtungi wa gesi ubaki kwa chai na kwa mambo ya haraka. Tunaishi jirani na gesi asilia ya Mnazi Bay, lakini gesi ya mtungi ni nyingine kabisa na husafiri njia ndefu kabla ya kutufikia, na bei yake inalionyesha hilo. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Juni 2019, tunalipia mfuko mbadala kila tunaposahau kikapu. Mimi nimetundika cha ukili nyuma ya mlango, usawa wa macho.

Umeme unastahili sentensi kadhaa. Mteja wa nyumbani aliye katika kundi la matumizi madogo hununua uniti moja kwa shilingi 100 kabla ya kodi, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo hupanda mpaka 350. Kwa hiyo pasi ya kunyoosha sare za shule kila asubuhi, moja moja, hailingani na pasi ya Jumapili jioni ambayo hunyoosha za wiki nzima ikiwa na moto uleule. Friji iliyojaa barafu kwenye kuta zake nayo hula uniti bila sababu. Mwenye nyumba akumbuke pia kwamba tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, hivyo uniti pungufu mwanzoni mwa mwezi si lazima ziwe kosa la mita.

Michango ya sherehe ndiyo mada ngumu, kwa sababu inagusa watu. Harusi, unyago, jando, kumtoa mtoto, vyote vina kadi, na nyuma ya kadi kuna sare. Nimejiwekea kanuni ambayo shoga zangu wameizoea sasa: mchango natoa, mapema na kwa kiasi ninachokiweza, lakini kitenge kipya cha sare sinunui isipokuwa kwa ndugu wa damu. Nakuja na dera langu safi, nakata vitunguu na kuosha vyombo mpaka usiku, na hakuna aliyewahi kunifukuza. Dada mmoja aliniambia, "Mwenzetu, utaonekana peke yako kwenye picha." Nikamjibu kwamba ndivyo bibi harusi atakavyonikumbuka.

Yote haya yasingewezekana bila kukubaliana na mwaka wa kusini ulivyo. Hata sisi wenye mshahara tunaishi kwa kalenda ya korosho, kwa kuwa shambani yupo baba, mama mdogo au shemeji, na malipo ya mnada yakiingia wote tunajiona matajiri kuanzia Novemba, kisha wote tunakuwa kimya kuanzia Machi. Katika miezi ile ya ukimya ndipo kangomba hufanya kazi yake: mkulima mwenye shida ya elfu kumi ya nguo ya Idi au daftari la mtoto huuza korosho ambazo bado ziko mtini, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mzigo si wake tena. Serikali imekataza biashara hiyo, lakini inaendelea kwa sababu shida ndogo inayohitaji pesa leo haisubiri mnada. Ndiyo maana katika familia yetu pesa ya starehe na ya nguo za sikukuu hutengwa kwanza msimu ukiwa mbichi, ikaingia kwenye hisa za vikoba, na kwa upatu wetu wa akina mama tumemwomba kijumbe apange zamu za Aprili mpaka Agosti ziwe za wale wenye mashamba, sisi wa mishahara tuchukue mwishoni. Vitu vikubwa vya nyumbani, kama godoro au redio, havinunuliwi Desemba wakati kila mtu ana pesa na wauzaji wanajua hivyo. Tunangoja masika, bei zinapolegea.

Safari moja tu kwa mwaka ndiyo tunayoilipia kwa moyo mweupe, nayo ni Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mnazi Bay na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Ni mbali, njia ina mchanga, hifadhi ina ada yake, na kukodi gari peke yako huko ni mzigo. Kwa hiyo tunakwenda nyumba tatu kwa gari moja aina ya Noah na pikipiki ya baba watoto, gharama ya mafuta ikagawanywa kwa vichwa vya watu wazima, watoto wakipakatwa. Mwaka huu tumekubaliana kwamba tutaondoka saa kumi na moja alfajiri baada ya Krismasi, siku ambayo si ya bamvua, kila nyumba ikiwa na sufuria yake, na maji ya kunywa yakiwa jukumu langu: madumu mawili ya lita 20 na chupa za ukwaju zilizoganda, kwa sababu mwaka jana maji ndiyo yaliyoisha kwanza na hakuna duka karibu na ule mchanga.